Baba, Baiti Mbili Zilitosha

Baba,

Mashine za hospitali zinaongea. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Mama ni mzima. Ng'ombe amezaa, ndama dume, na Mama amenuna kwa sababu alitaka jike. Duka anafungua kama kawaida, na saa ya habari ikifika anawasha redio yako na kuongeza sauti, halafu anaendelea na shughuli zake bila kusikiliza neno. Nilimuuliza kwa nini anaiwasha. Akasema nyumba imezoea.

Uliondoka kabla mambo hayajaisha, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa hivyo nitakuandikia yote, hata yale unayoyajua, maana nikianza katikati nitalia na nimechoka kulia. Leo nataka kujivuna kidogo. Wewe ulinikataza kujivuna mbele ya watu, lakini hapa tuko wawili tu.

Watu wa Mukuyuni hawakuwahi kuelewa kazi yako, Baba. Ulipoajiriwa Nairobi miaka ya sitini ulikuwa karani, na kampuni iliponunua kompyuta, ile kubwa kama jiko letu na stoo pamoja, wewe ndiye uliyepelekwa kuijifunza. Huku nyumbani walisema Ndolo anatoboa karatasi. Ulirudi likizo na mafungu ya kadi kuukuu zenye matundu, Mama akawa anaandika bei za unga nyuma yake. Mimi ukanifundisha hesabu za moja na sifuri kwenye meza ya chakula nikiwa bado na meno ya utoto. Wenzangu walipewa hadithi za fisi na sungura. Mimi nilipewa hadithi ya namba inayobebwa upande wa kushoto, na niliipenda kwa sababu ulipokuwa ukiisimulia hukuwa na haraka.

Ulipostaafu, sukari ilikuwa tayari imeanza kukuharibu macho. Kwanza ukashindwa na maandishi ya gazeti, halafu na vitabu vya nyimbo kanisani, ingawa hilo halikukusumbua kwa sababu sauti ya besi ulikuwa nayo kichwani. Mwisho ukawa unatambua watu kwa hatua zao. Nilikuwa na kazi ya benki Nairobi wakati huo, na chumba kizuri cha kupanga, na watu walinishangaa nilipoacha. Lakini barua ya Matron Syombua ndiyo iliyonirudisha. Unaikumbuka. Hospitali ya kanisa kule upande wa Tulia ilikuwa imeletewa kompyuta na waumini wa ng'ambo, na hakuna aliyejua kuziunganisha. Matron alikuandikia wewe kwa sababu mliimba kwaya moja zamani. Uliniambia kwa simu ya posta, huku sarafu zikiisha: "Mumbua, nina kazi na sina macho. Kuja na yako."

Nilikuja.

Unaijua hospitali ile, maabara iko chini karibu na barabara na wodi ziko juu kilimani. Damu inateremshwa, majibu yanapandishwa, yote kwa miguu. Karatasi zilipotea, zilinyeshewa, nyingine zilifika wodi isiyo yake. Matron alitaka jambo moja tu: jibu likiandikwa maabara, lisomeke wodini hapo hapo. Tulivuta nyaya, tukanunua kadi za mtandao za bei nafuu Nairobi, tukaziingiza kwenye mashine. Tukawasha. Pakiti ya kwanza, yaani furushi la kwanza la data, ilipofika tu, mashine ikaganda, ikaandika mstari mmoja kwenye skrini kulalamika juu ya anwani ya memori iliyokaa vibaya, na ikafa. Kila mara. Bwana Mulwa, msimamizi wa hospitali, alikuwa amesimama nyuma yetu na funguo zake mkononi. Alisema, "Basi zilikuja zimeharibika." Wewe ukajibu bila kugeuka, "Kitu kilichoharibika hakikosei mahali pamoja kila mara."

Nilikupenda sana siku hiyo.

Tulizibeba mashine mbili mpaka Mukuyuni, tukaziweka kwenye chumba cha nyuma ya duka ambako stima ilikuwa haikatiki sana. Na hapo ndipo tulipoanza ile kazi ambayo hata leo nikiwasimulia watu wanadhani natania. Programu ile ndogo inayoiendesha kadi, ile tuliyoiita dereva, ilikuwa imeandikwa na watu wa ng'ambo na kuachwa wazi ili yeyote aisome. Mimi nilikusomea. Mstari kwa mstari, kila mabano, kila nukta mkato, na wewe kwenye kiti cha kamba mlangoni, uso umeuelekeza juani, mikono juu ya mkongojo. Wateja wa Mama walikuwa wakipita na kusimama. Mzee mmoja aliuliza kama ni Biblia ya lugha gani.

"Rudia hapo. Polepole." Hilo ndilo neno nililolisikia kuliko yote. Wakati mwingine ulinirudisha ukurasa mzima nyuma kwa sababu jina fulani ulilisikia limetajwa mapema kwa maana nyingine. Mimi nilikuwa na macho na programu nzima mbele yangu, na bado nilipotea. Wewe uliibeba yote kichwani. Nilijua nina baba mwenye akili, lakini kujua ni kitu kingine na kukaa mbele yake ukaiona ikifanya kazi ni kitu kingine.

Halafu siku ile ya soko ukanyanyua mkono. Mbuzi walikuwa wanapiga kelele nje, nikafikiri unataka nifunge mlango. Ukasema, "Mashine hii si kama PC. Hii ni kama ile yetu ya kwanza ya Nairobi." Ukanieleza nami nikaandika. Kwamba ile mashine ya zamani haikukubali kusoma namba ya baiti nne popote pale. Lazima ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Ukiiweka mguu mmoja huku na mwingine kule, inakataa kazi. PC, zile kompyuta za kawaida za ofisini, zinakusamehe, zinaisoma tu kwa kujikongoja, na ndiyo maana aliyeandika dereva hii hakuliona kosa. Hakuwa na mashine kali ya kumwonyesha.

Ndipo mimi nikasema, "Baba, kichwa cha pakiti ni baiti kumi na nne."

Uso wako! Sijui nitauelezaje. Kwa sababu kumi na nne haigawanyiki kwa nne. Pakiti inawekwa kwenye bafa, ile nafasi ya memori iliyotengwa kuipokea, ikianzia mahali pazuri kabisa. Lakini kichwa, ile sehemu ya mbele, kikishapita, yale yanayofuata, anwani za anayetuma na anayepokea, yanaangukia baiti mbili nje ya mstari. Mashine inajaribu kuyasoma na inakufa. Tulikuwa tumelikalia jibu muda wote huo. Ulicheka mpaka Mama akatoka dukani na kikombe cha kupimia sukari mkononi kuuliza kuna nini. Ukamwambia, "Mwiitu wakwa amejua kuhesabu mpaka kumi na nne!" Binti yako, Baba. Ulivyolisema lile neno, nikaona ni afadhali nilivyoacha benki.

"Ongeza mbili mbele," ukasema. "Acha baiti mbili tupu mwanzo wa bafa. Kumi na nne na mbili ni kumi na sita. Kwisha."

Ilikuwa nzuri mno. Nikaiandika, tukawasha, na mashine haikufa. Lakini data ikaja imevurugika, herufi zimesogea, majina tuliyotuma kujaribia hayasomeki. Nilisoma maelezo ya kadi yenyewe na kukuta kwamba nayo ina masharti yake. Kadi pia inataka bafa ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Ukiipa nyingine haikuambii hapana. Inaandika inapotaka yenyewe na kunyamaza. Prosesa, ubongo wa mashine, inataka hivi, kadi inataka vile, kama mashemeji wagomvi, na zile baiti kumi na nne zimekaa katikati.

Nilikwambia hakuna njia ila kunakili. Kadi iandike inapopenda, halafu sisi tuchukue pakiti, tuinakili kwenye bafa ya pili yenye zile baiti mbili tupu mbele. Ulikataa. Loo, ulivyokataa! "Kila pakiti mara mbili? Hiyo si programu, ni adhabu." Ulitoka kwenye kizazi kilichohesabu memori kama maji ya kiangazi, na bosi wako wa kwanza alikugombeza mbele ya watu kwa kuhamisha namba bila sababu. Nilijua hilo. Nilikuwa na hasira hata hivyo. Tulibishana wakati wa chai, tukabishana tukila muthokoi, mpaka Mama akasema yeyote atakayetaja bafa mezani kwake atakula nje. Ulidai kuna ujanja ambao hatujauona. Ulinifanya nikusomee dereva nzima upya kuutafuta.

Hukuupata. Halafu kidonda cha mguu kikaja, na ukalazwa.

Ulilazwa kwenye hospitali ile ile, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani ambacho hakikukufaa kitu. Hapo nilikaa nawe mchana. Na ukasikia mwenyewe kile ambacho mimi nilikuwa nimekiona tu. Damu yako iliteremshwa asubuhi, jibu halikupanda. Muuguzi, yule msichana mwembamba anayeitwa Ndinda, aliteremka kulitafuta, akarudi mikono mitupu, akateremka tena mvua ikiwa imeanza. Wewe ulikuwa unasikiliza viatu vyake. Aliporudi alikuwa analia, kwa sababu karatasi ilikuwa imepelekwa wodi ya watoto na daktari alikuwa amemfokea yeye. Ulimwita, ukamshika mkono, ukamwambia pole kana kwamba wewe ndiye uliyempoteza njia.

Alipoondoka ukageuza uso dirishani. Nilidhani umelala.

"Mumbua," ukasema, "nakili."

Nikauliza, "Baba?"

"Nakili pakiti. Hata ikichelewa, haitachelewa kama miguu ya huyu mtoto. Nilikuwa nafikiria mashine. Wewe ulikuwa unafikiria nani anaingoja."

Mimi sikuwa nafikiria hivyo, Baba. Mimi nilitaka tu imalizike. Lakini ulinipa sifa hiyo na nimeamua kuishi nayo mpaka iwe kweli.

Figo zilishindwa, zikakuchukua wiki hiyo hiyo.

Mazishi sitayaandika sana. Kwaya iliimba na nafasi ya besi ilisikika wazi, watu waliisikia na kugeuka. Ndinda alikuja kwa miguu kutoka stendi akiwa na sare yake. Bwana Mulwa naye alikuja, alisema maneno ya heshima, na baada ya muda unaofaa aliniita ofisini kunieleza kwamba kamati ya hospitali inataka irudishiwe kile chumba chenye kompyuta. Mashine zitarudishwa kwa waliozileta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona vitu vingi vya msaada vikikaa vumbini, akachoka. Lakini Matron Syombua alikuwa amekaa pale, na alivua miwani yake akasema, "Ndolo amefia humu ndani akingoja karatasi. Mpe binti yake muda mpaka kamati ikutane tena." Bwana Mulwa aliangalia chini. Akasema sawa.

Nikarudi chumba cha nyuma ya duka. Baba, nilishindwa kusoma kimya. Miezi yote ile nilikuwa nimesoma kwa sauti, na macho yangu peke yake yalikuwa hayaoni kitu. Mama alinikuta nimeinamisha kichwa mezani. Aliufunga mlango wa duka mchana kweupe, akaja na kiondo anachosuka, akakaa kwenye kiti chako. "Soma," akasema. Nikamwambia hataelewa. Akasema, "Baba yako alinisomea hizo kadi zake kabla hujazaliwa. Sikuelewa pia. Soma." Nikasoma. Kufikia ukurasa wa tatu alikuwa anakoroma, kiondo kimemwangukia miguuni, na mimi niliendelea kusoma kwa sauti, machozi yananitoka na huku nacheka, na vidole vyangu vikaanza kuandika.

Nitakueleza nilivyofanya kwa sababu ungetaka kujua. Kadi ina bafa zake, zinaanza inapotaka, sizigusi. Pakiti ikiingia, naomba bafa nyingine ya ukubwa ule ule na baiti mbili zaidi. Naziruka hizo mbili, nanakili kuanzia hapo, naipeleka juu kwa wanaoingoja, na bafa ya kadi naiachia mara moja ipokee nyingine. Ni mistari michache sana. Na hili utalipenda: nimeweka sharti kwamba mashine ikiwa ni PC ya kawaida, ile inayosamehe, hakuna kunakili. Pakiti inapita ilivyokuja. Anayelazimika kulipa ni mashine kali peke yake. Hiyo sehemu ni yako. Mimi nisingeiweka kama usingenigombeza hivyo.

Ilikubali, Baba. Chumbani pale, mashine mbili zikaanza kutumiana majina, na hayakusogea hata herufi moja. Nilimwamsha Mama. Aliangalia skrini, akaangalia kiti, akasema, "Basi uende ukawawekee."

Siku ya kamati nilikuwa maabara na Mutinda, fundi wa kule chini, na Matron alikuwa wodi ya wazazi kule juu. Tulipanga kuonyesha majibu ya mfano tu. Lakini kulikuwa na mama aliyekuwa ametoka kujifungua na damu haikukata. Sampuli yake ilifika Mutinda akiwa bado anajifunza wapi pa kubonyeza. Alipima kundi la damu, akaandika, akabonyeza. Nami nikasimama mlangoni nikitazama kilima kama mjinga, kana kwamba ningeliona jibu likipanda. Halafu Ndinda akatokea juu kabisa, akapunga mikono yote miwili. Hakuteremka. Alipunga tu. Damu ilikuwa tayari inatafutwa.

Yule mama alikwenda nyumbani na mtoto wake. Nilimwona akitoka, amevaa leso ya njano, anamgombeza mumewe kwa kubeba mzigo vibaya. Hanijui. Bwana Mulwa alinifuata nje, akavuta pumzi, akasema, "Hicho chumba kitumieni." Alipofika kwenye kona akarudi kunipa mkono.

Kuna mengine mawili tu, halafu nitakuacha.

La kwanza, niliyatuma mabadiliko yetu kwa wale wa ng'ambo wanaoitunza dereva ile, kwa barua pepe kutoka Nairobi. Anayesimamia alijibu kwa swali moja: kwa nini kunakili, kwa nini msiisogeze bafa baiti mbili tu? Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka la kompyuta akaniangalia. Ulikuwa ni wewe, Baba, ulikuwa ni wewe kabisa, na ubishi wako! Nikamweleza habari ya kadi. Akajaribu mwenyewe, akakubali. Sasa programu hiyo inakwenda duniani kote, na juu kabisa, kwenye orodha ya waliochangia, kuna Ndolo Kimeu, halafu Mumbua Ndolo. Mchungaji aliposikia aliitangaza kanisani, lakini alisema tu kwamba binti ya marehemu Ndolo amefaulu kwa upande wa dereva. Watu walinipongeza sana nje. Bado wananiuliza nitanunua gari lini.

La pili, niliitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi, kampuni inayotengeneza mitandao. Walikuwa watu wanne mezani, wenye suti. Waliniuliza maswali ya memori na nikayajibu. Halafu mmoja akauliza, akiwa ameinamia karatasi zangu, "Haya mambo ulisomea chuo gani hasa?" Sikupanga kufanya lolote. Lakini nilijikuta nimesimama, kama tunavyosimama kanisani. Nikasema, "Nilifundishwa na baba yangu, Ndolo Kimeu wa Mukuyuni." Wakainua macho wote wanne. Nikakaa.

Kazi wamenipa. Nimekubali, ila nimewaomba nianze baada ya kwenda Nuu, maana zahanati ya kule nayo inataka kuunganishwa na hospitali kwa laini ya simu, na Matron ameshawaahidi bila kuniuliza. Naondoka Jumatatu. Mama anakuja nami. Anasema anataka kuona ni kitu gani hasa amekuwa akisinzilia.

Kwaheri, Baba. Pumzika, na usibishane na kila mtu huko uliko. Nami nakuahidi hivi: popote nitakapoulizwa nilifundishwa na nani, nitasimama kwanza, ndipo nilitaje jina lako.

Binti yako,
Mumbua